Kulishwa matango pori: maana yake nini hasa, na imetokea wapi?

Msafiri_Nakuru
Habari zenu wadau. Mimi ni Mkenya, kazi imenileta Arusha na sasa nataka kufungua kaduka ka spea za pikipiki huku Ngaramtoni. Kuna kijana hapo stendi aliniambia niende kwanza halmashauri nitafute leseni ya biashara, mambo ya TIN, ile namba ya mlipakodi, nitamalizana nayo baadaye nikishaanza kuuza. Jioni nikamweleza mama mwenye nyumba, akatikisa kichwa akasema "hao wamekulisha matango pori baba, bila TIN hiyo leseni hupewi". Nilielewa juu juu kwamba nimedanganywa, lakini tangu siku hiyo naisikia kila mahali, redioni, kwa daladala, hata juzi kwa mkutano wa kazini kuna jamaa alisimama akasema "bosi, tusilishane matango pori hapa" na watu wote wakanyamaza kimya.

Sasa mnisaidie. Kwetu tango ni ile tunakata kwa kachumbari, haina shida na mtu. Hili la pori liko aje, linaliwa ama ni sumu, ama ni jina tu la kutia chumvi? Na kwa nini wanasema *kulishwa* na si kuambiwa au kupewa? Tena naweza kuutumia mbele ya mzee ama nitaonekana sina adabu? Tafadhali msinijibu mstari mmoja, napenda sana hizi lugha za huku na nataka nizijue vizuri.

Sinza_Mori
Karibu sana Bongo mkuu. Mama mwenye nyumba yuko sahihi kote, kwenye TIN na kwenye msemo.

Kulishwa matango pori ni kupewa maelekezo, ushauri au taarifa ya uongo na wewe ukaibeba kama ilivyo. Ila sio kila uongo ni matango pori, hapa wengi wanachanganya. Mtu akikwambia yuko njiani kumbe bado amelala huo ni uongo wa kawaida tu, huwezi kusema kanilisha matango pori. Inakuwa matango pori pale ulipokuwa unamtegemea akujulishe kitu usichokijua, umeuliza njia, umeuliza bei, umeuliza dawa, umeuliza utaratibu wa ofisi fulani, au yeye mwenyewe kajiweka kama mjuzi anakufundisha. Ndo maana utaisikia sana kwenye mpira, kipindi cha usajili mtu anakaa redioni anasema Simba imemalizana na mshambuliaji fulani au Yanga wameshatuma tiketi ya ndege, mashabiki wanashangilia wiki nzima, halafu mchezaji anatambulishwa timu nyingine, hapo lazima usikie "wachambuzi wametulisha matango pori".

Tunayo na mengine ya ukoo huohuo. Kuingizwa chaka, hii ni karibu sawa ila inaangalia zaidi pale ulipofikia, yaani ushauri umeufuata na sasa umekwama hujui pa kutokea. Kupigwa changa la macho, hii ni hila, mtu anakuziba usione anachofanya. Na kupotezwa maboya, hii naipenda sana, maboya ni yale yanayoelea baharini kuonyesha chombo kipite wapi, sasa mtu akikupoteza maboya ina maana umetoka kwenye njia ya maji marefu na mbele yako ni miamba. Ukisikia mtu anasema "usinipoteze maboya" anakwambia usinitoe kwenye mada.

Mama_Kongwa
Mwanangu Msafiri, hili tango sio jina la kutia chumvi, lipo, na mimi nimekua nalo. Nyie wa mjini mnalitaja tu bila kuliona.

Kwetu Kongwa, huku Dodoma kwa Wagogo, mvua zikianza mwezi wa 12 linaota lenyewe pembeni ya mashamba na kwenye maboma ya zamani walikokuwa wanalala ng'ombe. Linatambaa chini, majani yake ukiyapitisha kwenye mkono yanakwaruza, maua ya njano madogo. Tunda lenyewe ni dogo kama yai la kuku, mengine madogo zaidi, kijani lina michirizi myeupe, na juu lina vimiba laini ambavyo havichomi. Likiiva linageuka njano. Sisi watoto tulikuwa tunalichomeka vijiti 4 chini linakuwa ng'ombe, unatafuta mengine mengi unajenga zizi la mawe, mchana kutwa uko na mifugo yako. Kulichezea ruksa, kulila hapana, na hiyo hapana mama alikuwa anaisema kwa sauti ambayo hurudii kuuliza.

Kwa sababu uchungu wake sio kama wa mlenda ulioungua au wa mwarobaini unaomeza ukapita. Ukigusa tu kwa ulimi unashika mpaka kooni, unatema mate hauishi, na aliyelimeza usiku huo tumbo linakata, anatapika na kuhara. Mbuzi wenyewe wanalinusa wanaliacha.

Sasa ubaya ni huu, na hapa ndo naona msemo wenu ulipochota. Sio yote machungu. Kuna mengine yanafanana nayo kabisa, yanaota hapohapo, na hayo yanaliwa, hata majani yake tunachuma mboga. Mtoto akitoka malishoni na njaa anakuta tunda limeiva, la njano, linameta, kwa macho huwezi kusema hili ni lipi. Wazee walitufundisha kukata kipande kidogo sana na kugusa kwa ncha ya ulimi, kisha unasubiri. Mgeni wa porini hajui hayo. Ukimpa ukamwambia kula, anakula.

Na mjue Ugogo ni nchi ya njaa za mara kwa mara, watu wameishi kwa kujua pori. Ile njaa kubwa tunayoiita Mtunya, ya 1917 mpaka 1920 hivi, vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimechukua ng'ombe, vimechukua nafaka, vimechukua wanaume kwenda kubeba mizigo, na mvua nazo zikagoma. Waliobaki wakala mizizi na matunda ya pori. Wakati kama huo anayejua lipi linaliwa ndiye anayewaweka watu hai, na anayejifanya anajua anaua nyumba nzima. Kwa hiyo kwetu kumlisha mtu kitu cha pori usichokijua sio jambo la kuchekea hata kidogo.

Mwl_wa_Jumapili
Mama Kongwa ubarikiwe, umenigusa kabisa. Naongeza lililo kwenye Biblia maana naamini limesaidia sana msemo huu kukaa vinywani mwa watu, makanisa mengi yanalihubiri.

Ni Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 4, kuanzia mstari wa 38. Elisha amefika Gilgali na nchi ina njaa, ameketi na wale wana wa manabii, akamwambia mtumishi wake ateleke sufuria kubwa awapikie. Mmoja wao akatoka kwenda mashambani kuchuma mboga, akakuta mtango mwitu, akachuma matango yake mpaka nguo ikajaa, akaja akayakatakata humo sufuriani, kwa sababu hawakuyajua. Wakapakuliwa. Walipoanza kula ndipo wakapiga kelele kwamba mauti imo sufuriani, wakashindwa kuendelea. Elisha akaagiza unga, akautia, wakala salama.

Wasomaji wengi wa maandiko wanasema tunda lile ni aina ya tikiti chungu la jangwani ambalo linaota sana maeneo yale na linaharisha vibaya mno. Lakini mimi ninachotaka mkione ni yule aliyekwenda kuchuma. Hakuwa adui. Alikuwa ndugu yao, ana njaa kama wao, ametoka juani kuwatafutia chakula na amerudi amejaza nguo kwa furaha. Mauti ikaingia sufuriani kupitia mkono wa mtu mwema ambaye hakuuliza. Ndugu Sinza umesema ni uongo, mimi nasema hapana, matango pori hayahitaji mwongo. Tunalishwa kila siku na watu wanaotupenda, shangazi anakutumia ujumbe kwamba vitunguu swaumu vinatibu presha uache vidonge vya hospitali, ameutuma kwa upendo wote, na mgonjwa akiacha vidonge anaanguka. Hili lituume kabisa, jamani.

Sinza_Mori
Mwalimu nakubaliana na wewe upande mmoja. Ni kweli anayelisha anaweza asijue. Ila mtaani ukimwambia mtu "unatulisha matango pori" unamshtaki kwamba anajua anachofanya, hakuna anayeisema hiyo kwa mtu aliyekosea kwa nia njema. Wa nia njema tunasema "na yeye kalishwa", yaani kaletewa akameza kisha akatuletea.

Kijana_wa_Pangani
Hapo mlipofika ndipo penyewe, tuangalie hilo neno *kulishwa* maana Msafiri ameuliza swali zuri na hakuna aliyemjibu.

Kiswahili tangu zamani kinayafanya maneno kuwa chakula. Mtu anakula kiapo, anakula yamini, na ukimwapisha mwenzio umemlisha yamini. Wanaopanga ubaya wanakula njama. Ukisema jambo mimi sijalisema ukadai nimelisema mimi, nasema usinilishe maneno. Watoto wakifundishwa chuki tunasema wamelishwa sumu. Kwa hiyo msemo haukuanza hewani, njia ilikuwa imeshachongwa, mtu wa kwanza kutamka matango pori alikuta watu tayari wanalishana maneno, viapo na sumu, yeye akaleta sahani nyingine tu.

Halafu tazama nani analishwa katika maisha. Mtoto mchanga, mgonjwa kitandani, bwana harusi siku ya keki, mgeni anayetiliwa tonge la kwanza. Wote hao hawachagui, wanafungua mdomo kwa sababu wanamwamini mwenye mkono. Neno kuambiwa haliwezi kubeba hilo, ukiambiwa unaweza kukataa. Aliyelishwa ameshameza. Ndiyo maana mtu aliyelishwa matango pori anaumia kuliko aliyeibiwa, mwizi hukumfungulia mdomo.

Na neno *pori* linaonyesha msemo umetokea upande gani. Sisi watu wa mwambao, wazee wetu kitu kisicho cha kufuga au kupanda wanakiita cha mwitu, nguruwe mwitu, mbwa mwitu, na Biblia aliyoisoma Mwalimu inasema hivyohivyo mtango mwitu. Kusema *pori* namna hiyo, njiwa pori, paka pori, ni mazungumzo ya bara zaidi. Kwa hiyo hata kama tunda linafahamika kote, na hata kama mahubiri yamesaidia kuusambaza msemo, umbo hili tunalolitumia limepikwa bara, huko kwa kina Mama Kongwa, kisha likateremka mjini na watu na malori. Mimi ndivyo ninavyolisoma na siyumbi.

Kilifi_Breeze
Msafiri, ndugu yangu wa nyumbani, hata sisi tuko nayo ila tumeiweka kwa jaba. Hapa Kenya mtu akikupea habari isiyo na miguu unamwambia hizo ni stori za jaba, yaani stori za watu waliokaa kwa base wanatafuna miraa, saa kumi alasiri mtu amechangamka anakuelezea vile serikali inaendeshwa na vile utapata pesa ya haraka, na anaamini kabisa. Tofauti naiona, stori za jaba zinamdharau msemaji, matango pori yanamhurumia msikilizaji. Nimeipenda hii ya Tanzania, nitaanza kuitumia.

Msafiri_Nakuru
Wadau nimeshukuru mpaka basi, Mama Kongwa hiyo ya ng'ombe wa vijiti nimecheka kwa furaha, hata sisi Rift Valley tulikuwa tunafanya hivyo na vitunda vingine vya njano. Bado hamjanijibu ile ya adabu. Kuna mzee kwa mtaa wetu, mwenyekiti mstaafu, anapenda sana kunipa mawaidha ya biashara na mengine naona hayako sawa. Nimwambie aje?

Mama_Kongwa
Usimwambie hilo neno mwanangu. Mzee haambiwi "unanilisha", hata kama ni kweli. Kaa umsikilize, sema "nimekusikia mzee wangu, ahsante", kisha nenda kaulize ofisini. Ukishapata ukweli rudi umpe taarifa kwa heshima, "mzee, nimefika pale halmashauri wakanielekeza hivi na hivi". Atajirekebisha mwenyewe na heshima yake ipo palepale, na kesho atakuelekeza kwa mwingine anayefahamu zaidi.

Kijana_wa_Pangani
Shikamoo Mama, hapo umemaliza. Mimi naongeza kidogo tu kwamba lugha yenyewe ina ngazi. "Unatulisha" ni kumnyooshea mtu kidole usoni, hiyo ni ya rika au ya ugomvi. "Umelishwa" unamwondolea lawama uliye naye, unamtupia ambaye hayupo, na hiyo unaweza kumwambia hata mtu aliyekuzidi kidogo kama mmezoeana. "Tusilishane" ile ya mkutanoni kwenu, jamaa alijitia na yeye ndani ili isiwe shtaka kwa bosi peke yake. Ofisini inapita, ingawa kama ulivyoona watu walinyamaza, wote walijua imeelekezwa wapi.

Mkulima_Ruvu
Nimesoma kuanzia juu, uzi mzuri sana huu. Mimi nalima matikiti na matango ya kawaida bonde la Ruvu, nina mawili ya kusema.

La kwanza ni huo uchungu. Ukoo wote huu, matango, matikiti, maboga, mamumunya, unaweza kutengeneza kitu kinaitwa kukabitasini, ndicho kinachokaa kooni anachosema Mama. Haya tunayokula yamechaguliwa kwa karne nyingi mpaka uchungu ukaisha au ukabaki kidogo sana, ndo maana tango la dukani ukilikata upande wa kikonyo wakati mwingine unakuta chungu kidogo. La pori halijachaguliwa na mtu. Na kupika hakusaidii, kukabitasini haivunjiki kwa moto wa jikoni, kwa hiyo wale wa sufuria ya Gilgali wangechemsha hata mpaka usiku wa manane wangekuta mambo ni yaleyale. Mama yuko sahihi pia kwamba yanafanana, kuna lile tango la miiba mikubwa la asili ya Afrika ambalo New Zealand wanalilima na kuliuza nje kwa jina la Kiwano, huku kwetu porini lipo chungu na lipo lisilo chungu, na kwa nje ni pacha. Kwa hiyo atakayekuonyesha tunda la porini akakuhakikishia kwa kuliangalia tu, usile.

La pili ni la kuuma. Hakuna watu wamelishwa matango pori nchi hii kama sisi tulioingia kwenye matikiti. Mtu anakupigia hesabu kwenye karatasi, ekari moja miche 3,000, kila mche matunda 2, kila tunda shilingi 1,500, hiyo ni milioni 9 kwa miezi mitatu, gharama milioni 2, unabaki na 7. Hesabu yenyewe haina kosa, ukizidisha inatoka hivyohivyo. Ila hakuna mahali palipoandikwa inzi wa matunda, yule mdogo mwenye rangi ya kahawia anayetaga ndani ya tunda likiwa changa, wewe unaona shamba zuri kumbe ndani kumejaa funza. Hakuna petroli ya pampu. Hakuna siku ambayo bonde zima limevuna kwa pamoja na dalali anakuja na bei ya 400 anakwambia ukitaka uza, ukikataa acha, na matikiti hayasubiri. Nimeona mstaafu kaweka kiinua mgongo chote kwenye ekari 5 kwa hesabu ya namna hiyo aliyoipata kwenye simu, kafika shambani anauliza mbegu inawekwa upande gani. Tulikaa naye chini ya mwembe mpaka jua likazama, tukaokoa ekari moja na nusu. Mpaka leo analima, ila anaanza na robo ekari, na kila anayemletea hesabu anamuuliza kwanza shamba lako liko wapi nije nilione.